Filamu ya Mapadre Wenye Njaa

Mtu akiniambia kwamba filamu za zamani za karate zilikuwa mchezo wa watoto, tunakosana hapo hapo. Mimi ni nyanya wa watu, naheshimika kanisani, na bado nasema hakuna burudani iliyowahi kufika Kitale wala Bungoma ikaishinda ile. Siku hizi wajukuu wananionyesha sinema ambamo magari yanaruka na nyumba zinalipuka, nami nasinzia. Gari likiruka, ni nani amejifunza nini? Zamani aliruka mtu. Na kabla ya kuruka alikuwa ameteka maji miaka mingi, amefagia uwanja, amepigwa rungu na mzee mwenye nyusi nyeupe zinazoning'inia mpaka mashavuni. Ukimwona sasa yuko juu ya paa, unajua ameifanyia kazi.

Sisi zote tuliziita karate, na waliopigana wote tukawaita Wachina, hata wale ambao baadaye niliambiwa ni Wajapani. Wanisamehe. Tulichojali ni mambo yenyewe. Kwanza ile sauti: ngumi ikitua kifuani ilisikika kama mama anayekung'uta blanketi. Halafu adui mkuu, ambaye lazima awe na sharubu mbili nyembamba ndefu, na ambaye alicheka kwa muda mrefu bila mtu kumwambia chochote cha kuchekesha. Halafu kufa kwao. Mtu amechomwa upanga, umeingia huku umetokea kule, lakini kabla ya kukata roho anatoa hotuba, anamtaja aliyemuua, anagawa urithi, anamkabidhi binti yake kwa kijana fulani, ndipo anaangusha kichwa kando. Kwetu ni wazee wangapi wamekufa bila kusema hata ng'ombe ni wa nani? Wachina walijua kufa, bana.

Ya kwanza niliiona Kitale, miaka ya themanini ikiwa bado michanga. Baba alikuwa dereva wa trekta katika shamba kubwa nje ya mji, nasi tulikwenda kukaa naye shule zikifungwa. Mjini kulikuwa na jumba la sinema la familia moja ya Kihindi, na mzee wao alisimama mlangoni na kilemba chake akihakikisha hakuna anayeingia na muwa. Mchana mmoja mvua ilimnyima baba kazi, akatupeleka mimi na kaka yangu. Mwalimu mzee alipouawa kwa hila, tena kwa nyuma, nililia kwa sauti mpaka baba akaona haya. Kaka yangu hakulia. Alikuwa anachezesha midomo. Nilipotega sikio nikagundua kwamba anawasemea wale Wachina, chini kwa chini, kwa Kibukusu, na kila mmoja amempa sauti yake.

Nilimpenda zaidi tangu siku hiyo. Nasema wazi kwa sababu watu wa kwetu hawapendi kusema mambo kama hayo, utadhani wanatozwa ushuru.

Miaka ikasonga, video ikaingia. Nyumbani kwetu ni pande za Kimilili, wilaya ya Bungoma, na hapo sokoni mwenye mashine ya kusaga mahindi alijenga kibanda cha mabati nyuma ya mashine yake, akaweka televisheni na deki, akafunika madirisha kwa magunia, akapanga mabenchi. Stima ilikuwa moja ya kugawana. Mahindi yakizidi kwenye mashine, picha ilijikunja mpaka Wachina wote wakawa wafupi, na watu wakapiga kelele, "Zima unga! Zima unga!" Kaseti zilitoka Kitale, nyuma ya duka la vitambaa, zikiwa zimenakiliwa na kunakiliwa tena. Yale maneno ya Kizungu yanayopita chini yalikuwa yamekatwa nusu, unaona vichwa vya herufi tu. Na Kichina chenyewe hakuna aliyekijua kuanzia mlimani hadi Malakisi.

Kwa hiyo alitakiwa mtafsiri, na kazi hiyo akapewa kaka yangu. Alikaa kando ya televisheni juu ya kreti ya soda, ameshika fimbo ya kuelekezea, akatueleza kila kilichosemwa. Hakuelewa hata neno moja. Lakini alikuwa na macho, na alijua mambo ya watu, na vitu hivyo viwili vilimtosha. Wale watawa walionyoa vichwa na kuvaa kanzu aliwaita mapadre. Hekalu lao likawa misheni. Mzee mwenye nyusi akawa mwalimu mkuu. Askari wenye mikuki wakawa AP, yaani askari wa utawala tuliowajua sisi. Na yule mkubwa mbaya mwenye sharubu, anayebebwa kwenye kiti na kucheka bila sababu, kaka yangu alimwita DO, yaani mkuu wa tarafa. Watu wakaelewa papo hapo, hakuna aliyeuliza swali.

Sasa hapa lazima nieleze jambo letu la herufi, msije mkapotea. Sisi watu wa Bungoma, L na R kwetu ni ndugu, wanaazimana nguo. Mama yangu akitaka maji anasema "rete maji", na akitaja serikali anasema "selikari", amezibadilisha zote mbili na hana habari. Mimi nilisoma shule ya bweni, nikakutana na mwalimu ambaye hakutaka mchezo, akaninyoosha ulimi kwa fimbo. Nikarudi nyumbani nikiwa mjuaji, nasahihisha kila mtu mpaka wakanichoka. Kaka yangu hakukutana na mwalimu huyo.

Na hata hivyo asingepata shida, kama tu angeongea kama anavyoongea nyumbani. Nyumbani tukisikia njaa tunasema tunataka kukula, na yeye alisema kukura, na hakuna askari duniani anayeweza kumshika mtu kwa kukura. Lakini akipanda ile kreti alikuwa mtu mwingine. Aliona watu wamelipa, wanastahili Kiswahili cha redioni. Sanifu. Akawa anapunguza maneno, anayapiga pasi. "Kukura" ikawa "kura". Ndiyo maana nasema mpaka leo kwamba Kiswahili sanifu ndicho kilichompeleka kaka yangu ndani.

Maana mwaka wenyewe ulikuwa mbaya kwa neno hilo. Ni wakati ule watu walikuwa wakinong'ona habari za vyama vingi. Kura zilikuwa zimepigwa kwa mlolongo, unasimama mchana kweupe nyuma ya mtu wako na kila mmoja anakuona, na mlolongo mfupi ukatangazwa mshindi, na watu wakarudi nyumbani wameuma midomo. Ukitamka neno "kura" hotelini, mwenye hoteli anakuletea chai upesi ili uondoke. Chifu alikuwa ametangaza kwamba mkusanyiko wowote bila kibali ataufuata hadi chini ya vitanda.

Basi ikafika siku moja ya soko, mchana. Mimi niko benchi la mbele. Filamu ilikuwa mpya na nzuri ajabu. DO mwenye sharubu alitaka mapadre wamfundishe teke lao la siri, wakakataa, naye akafunga ghala la mchele ili wafe njaa. Mapadre wakakonda. Padre mdogo akala ukoko akalia. Mwishowe wote wakashuka kutoka misheni na mabakuli yao matupu, wakasimama mbele ya lango la DO, na padre mkubwa akafungua mdomo. Kaka yangu alisimama juu ya kreti. Sijawahi kumwona hivyo.

"Wananchi!" akanguruma. "DO ametunyima kura! Tumevumiria vya kutosha! Reo hatuondoki hapa! Tunataka kura!"

Ukumbi ukalipuka. "Kura! Kura! Kura!" Watu wanapiga mabenchi, wanapiga mabati. Mimi pia nilipiga kelele, na mimi nilisema "kula" vizuri kabisa, lakini sauti moja itasaidia nini? Waliokuwa nje wakingoja unga wao wakaona wasiachwe nyuma, nao wakaanza, "Kura! Kura!" hata bila kujua ni ya nini.

AP wawili walikuwa wanapita sokoni. Si watu wa kwetu, mmoja ametoka mbali huko ambako L ni L. Wakasikia kibanda kizima kinadai kura na kumtaja DO. Wakaingia na virungu. Na hapa ndipo bahati ya kaka yangu ilipomkimbia kabisa, kwa sababu dakika hiyo hiyo, katika filamu, lango lilifunguka na askari wa yule DO wakatoka.

"Na hawa hapa AP wa DO wameingia!" kaka yangu akasema, mgongo ameugeuzia mlango, fimbo iko kwa televisheni. "Waangarieni hawa mbwa wa kutumwa!"

Watu walimpigia makofi. Alikuwa anainamisha kichwa kuyapokea aliposhikwa kola.

Nitasema ukweli, nilicheka. Nilicheka mpaka nilipoona wanamfunga pingu, ndipo kicheko kikakatika. Walimpeleka kwenye kambi ya chifu, wakamtia kwenye chumba kidogo chenye dirisha la nondo, na habari ikatoka kwamba kesho DO ataamua, na akiona ni siasa kijana anapelekwa Bungoma mjini, makao ya wilaya. Siku hizo kupelekwa Bungoma kwa maneno ya siasa hakukuwa safari ya kwenda na kurudi. Tulijua watu waliopelekwa kwa maneno madogo kuliko yale. Niliogopa vibaya sana. Nilitembea kwenda nyumbani nikijipangia namna ya kumwambia mama.

Mama hakuwahi kukanyaga kile kibanda. Alikuwa mtu wa ushirika wa akina mama, wa kwenda mikutano ya kanisa Lugulu na kurudi na nyimbo mpya, na karate kwake zilikuwa mashetani yasiyo na nywele. Alikuwa amemwambia kaka yangu mara nyingi aache kuwasemea wapagani. Nilijua atasema, "Siriwaambia?" Hakusema. Alikaa juu ya jiwe la kusagia. Kisha akanyanyuka akamkamata jogoo wake, yule wa kuamsha boma zima, asubuhi akamchinja. "Huko ndani hawarishi watu," akasema. Akasonga ugali wa wimbi, akapika na mboga ya mrenda, akafunika vyote kwenye kapu kwa kitambaa, tukaondoka.

Tulipofika ofisini kwa DO tuliambiwa tungoje kwenye benchi mlangoni, na mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya joto, kwa hiyo tuliona na kusikia yote. DO alikuwa mtu wa Pwani, kijana kiasi, mwenye Kiswahili kilichonyooka kama uzi. Nilimtazama mdomoni kwanza. Hakuwa na sharubu, nikamshukuru Mungu.

Aliyeanza kueleza ni chifu. Chifu wetu ni Mbukusu kama sisi, mtu mzima, na alisimama wima akashika kofia.

"Bwana DO, hawa watu waritaka kura. Nina mashahidi."

DO akaweka kalamu chini. "Kura, au kula?"

"Kura, Bwana DO. Kura kabisa."

"Namaanisha, chifu, ile ya sahani au ile ya sanduku?"

Chifu akafikiri. Nilimwona anafikiri. "Bwana DO," akasema kwa heshima kubwa, "sisi huku hatukuwa na sanduku. Turipiga mrorongo."

DO alikohoa, akatazama dirishani kwa muda. Kisha akaagiza kaka yangu aletwe. Kaka aliletwa amejaa vumbi, jicho moja limevimba kidogo, na midomo imemkauka. Mama alinishika mkono akaniminya.

"Kijana," DO akamwambia, bila ukali, "maisha yako ni rahisi leo. Unahitaji kusema neno moja tu. Wale watu kwenye filamu walitaka nini?"

"Kura, Bwana DO."

"Taratibu. Sikiliza ulimi wangu. Ku-la."

"Ku-ra."

"La. La-la-la. Kula."

Kaka yangu alikuwa anatoka jasho. Alifunga macho, akakunja ngumi, akaupeleka ulimi mahali haujawahi kwenda. "Ku... ku... kura."

"Sawa," DO akasema. "Tujaribu njia nyingine. Sema lile neno jingine. La uchaguzi. Kura."

"Kula," akasema kaka yangu, safi kabisa.

DO alishika kichwa kwa mikono miwili. Mimi nilishindwa kuvumilia. Nilisimama mlangoni nikasema, "Mheshimiwa, anamaanisha kula, kula chakula, sisi huku tunachanganya..." Lakini AP aliniambia nikae, na chifu akasema, "Huyu ni dada yake, Bwana DO, amesoma, anawafundisha mashahidi." Nikakaa. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakanichoma, maana nilikuwa na herufi zote mbili mdomoni na hakuna aliyezitaka.

"Na huyu mama?" DO akauliza.

"Ni mama yake mzazi," chifu akasema.

"Mama, ingia."

Mama aliingia na kapu lake, akasalimu kwa kupiga goti kidogo, akabaki amesimama. DO akamwonyesha kiti. Hakukaa.

"Mama, huyu ni mwanao?"

"Ni wangu, bwana."

"Nasikia anataka sana kura."

"Sana," akasema mama. "Tangu mtoto."

DO akamtazama chifu. Chifu akatazama kofia yake.

"Tangu mtoto?"

"Hata kabra ya kutembea. Arikuwa anaria usiku kucha, nikampa, akanyamaza."

"Kwa hiyo ni wewe uliyemwanzishia mambo haya?"

Mama alishangaa. "Sasa nani mwingine, bwana? Baba yao yuko Kitare. Ni mimi."

"Na hapo nyumbani kwenu," DO akauliza, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtu anayetembea gizani akipapasa ukuta, "mambo haya ya kura mnayafanya mara ngapi?"

"Asubuhi na jioni. Mahindi yakiisha gharani, jioni tu. Mwaka wa njaa, siku nyingine tunarara bira kura, na tunamshukuru Mungu." Kisha mama, ambaye naona alikuwa amechoka na maswali ya kijana mdogo kuliko mtoto wake wa kwanza, akauliza lake. "Kwani wewe, bwana, kwenu hamkuri?"

Nilifumba macho. Nilisema moyoni, sasa wote tunakwenda Bungoma, na jogoo juu.

Lakini harufu ya yule kuku ikatoka kapuni ikatembea chumba kizima. DO alivuta pumzi. Nadhani hakuwa amekunywa hata chai.

"Mama," akasema polepole, "hiyo kura mnayoisema, unayo hapo?"

"Ndiyo hii."

"Naomba kuiona."

Mama alifunua kitambaa. Ugali ulikuwa bado unatoa mvuke. Alitandaza kile kitambaa juu ya meza, kando ya mafaili ya serikali, akapanga mabakuli, akamwagia DO maji mikononi kutoka kwenye kibuyu chake kama anavyomfanyia mgeni yeyote. Alipoona DO bado anatazama tu, akamsukumia bakuli karibu.

"Kura, bwana," akamwambia. "Itapoa."

Sijui kama mmewahi kumwona mtu mkubwa wa serikali akizuia kicheko. Mabega yanatangulia. DO alicheka hadi akatoa leso, AP wakacheka kwa sababu mkubwa amecheka, chifu akacheka mwishoni kabisa, naye nadhani hakujua ni kwa nini. Kisha wakala. Mama akatafuta ndani ya mchuzi akatoa firigisi, ambayo kwetu ni ya mwenye boma peke yake, hata mimi mpaka leo sijawahi kuionja, akamwekea DO mbele. "Fifirigisi," alisema, au kitu kama hicho, neno lilimshinda hata yeye. Kaka yangu alipewa paja. Alikula amesimama, na machozi yanamtoka, na mimi niliyekuwa benchini nikalia pia.

DO alipomaliza akafuta vidole. "Lakini jambo moja halijaniridhisha," akamwambia kaka yangu. "Yule mbaya. Yule mnyima chakula. Kwa nini umemwita DO?"

Kaka yangu alimeza. "Bwana DO, nirikosa cheo kingine kikubwa kama hicho."

DO alitazama mezani, na niliona ameridhika kuliko alivyotaka kuonekana. Chifu akauliza kwa sauti ya chini, "Kwani chifu hayuko kwa hiyo sinema?"

"Yuko, mzee," akasema kaka yangu. "Arikufa mapema."

Hukumu ikatoka hivi. Kesi hakuna. Kibanda kifunguliwe, filamu zionyeshwe. Lakini kaka yangu asifungue mdomo humo tena. Wachina waseme wenyewe. "Ulimi wako, kijana," DO akasema, "si wa mahali palipo na watu wengi, mwaka huu." Alisema kwa upole, na nadhani kwa wema pia, maana mtu mwingine angemwandikia Bungoma bila hata kuuliza.

Tulitoka nje kwenye jua. Mimi nilikuwa naruka kwa furaha, nimemshika mama mkono, nimeshika na kaka. Kaka yangu alikuwa anatembea kama mtu anayetoka kuzika. Tulipita soko, tukapita kibanda, na mwenye mashine akatoka kumpa pole akiwa mweupe kwa unga, kaka akampita tu. Tuliposhika njia ya nyumbani katikati ya mahindi ndipo akasema, "Afadhari wangenipereka Bungoma."

"Wee, usiseme hivyo!" nikamkemea.

"Nitafanya nini sasa? Nitakaa kwenye kreti nitazame tu? Hao watu watajuaje mwarimu amesema nini akifa?"

Nilikuwa najua, kama alivyojua yeye, kwamba bila yeye zile filamu ni watu wanapigana tu. Vitu vyote nilivyovipenda humo, nusu yake Wachina hawakuwahi kuvisema. Alivisema yeye. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini kwetu, nimeshasema, maneno hayo hayatoki.

Mama alikuwa mbele yetu na kapu tupu kichwani. Akasema bila kugeuka, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Hao mapadre wako. Iriishaje?"

"Mama, wewe huziamini hizo."

"Sijasema ninaziamini. Nimeuriza iriishaje. Wameniamsha mapema, wamekura jogoo wangu, na sijui hata ni kwa ajiri ya nini."

Kaka yangu alikuwa ameitazama ile kaseti peke yake asubuhi kabla ya watu, kama alivyofanya kila filamu mpya, kwa hiyo mwisho aliujua. Akaanza kinyongenyonge, maneno mafupi. Ati kulikuwa na misheni mlimani. Mama akaitikia, "Ehe." Ati kulikuwa na ghala. "Ehe." Alipofika kwa padre mdogo anayekula ukoko, sauti ya padre mdogo ikamtoka yenyewe, na mama akapunguza mwendo. Alipofika langoni alikuwa tayari anatembea kinyumenyume mbele yetu, mikono hewani. Alipiga lile teke la siri katikati ya barabara, sandali ikamtoka mguuni ikaruka ndani ya mahindi, na hakuifuata. Alicheka kile kicheko kirefu cha mwenye sharubu mpaka wanawake waliokuwa wanapalilia wakainuka kutazama. Mama alikuwa amesimama kabisa. Kapu limemteleza kichwani, amelishika kwa mkono mmoja, mdomo wazi.

"Na DO wao?" akauliza.

"Arikufa, mama. Arianguka kutoka ghorofani."

Mama aligeuka akatazama kule tulikotoka. "Pore yake," akasema. "Na hao mapadre, waripata kura?"

"Waripata. Rakini waripigana kwanza."

Mama aliliweka kapu kichwani vizuri, akatuangalia sisi wawili, kaka yangu na mguu wake mmoja mtupu, mimi na elimu yangu.

"Basi hata sisi tutapata," akasema, akaendelea kutembea.

Nilifungua mdomo nimuulize ni kura gani. Kisha nikaufunga, nikamfuata.